MREJESHO: Niliyekuwa namaliza jioni zangu kwenye video fupi

Habari zenu wakuu. Miezi 3 iliyopita niliomba ushauri: kila jioni nilikesha na video fupi hadi saa 7 usiku, na asubuhi sikumbuki hata moja. Asanteni sana mlionijibu.

Kuzima arifa kulisaidia kidogo. Kugeuza kioo cha simu kionyeshe rangi nyeusi na nyeupe tu, hapana. Baada ya siku 4 macho yalishazoea. Programu nilizifuta nikazirudisha mara 2.

Kilichonisaidia kweli ni maneno ya yule dada aliyesema nisiache pengo, niweke pale kitu ninachokijali. Sasa simu inalala sebuleni, nimenunua saa ya kengele ya kuniamsha. Saa 3 usiku namsomea mwanangu hadithi, kisha namwandikia barua baba, maana kwenye simu hasikii vizuri. Nimeandika 11, amejibu 9. Katika moja amenieleza mambo ya ujana wake ambayo hajawahi kunisimulia, na mimi ni mtu mzima!

Jumapili mchana bado inanishinda, narudi kulekule. Aliyevuka hapo naomba anielekeze.