Kibali cha ujenzi kinamlinda nani hasa?

DukaLaChini:
Wakuu, habari zenu. Nina duka la vifaa vya simu Kariakoo. Kiwanja cha jirani wanachimba usiku, saa nane malori ya mchanga yanatoka. Juzi nimehamisha rafu nikakuta ufa ukutani, kadi ya simu inaingia. Msimamizi kanijibu kwa kifupi: "Kibali kipo." Tangu lile ghorofa la hapa hapa liporomoke Novemba 2024 sina usingizi. Hizi sheria za ujenzi mjini nani alizileta, na zinamlinda nani?

MzeeKoni:
Nimekagua majengo miaka 27, sasa nafuga kuku. Alianza Mjerumani. Mwaka 1891 alihamisha makao yake Bagamoyo kuja Dar, na mwaka huo huo akatoa kanuni za ujenzi: huku nyumba za mtindo wa Ulaya tu, vibanda vya makuti vikae kule. Mwingereza akaendeleza, ndiyo tukawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi katikati. Hapo hakuna aliyeuliza kama nyumba ya Mswahili itamwangukia. Walikuwa wanapanga nani alale wapi. London wenzao walikuwa wameunguliwa na sehemu kubwa ya mji 1666, mwaka uliofuata ikatoka sheria kuta ziwe za matofali au mawe. Kwetu sheria za kusajili wahandisi na makandarasi tunazotumia ni za 1997 tu, na bado Ijumaa Kuu ya 2013 ghorofa likaanguka katikati ya mji, wakafa 36.

Sasa kuhusu "kibali kipo". Siku moja nilipanda ghorofa ya nne, saiti moja Upanga, wanamwaga slabu. Zege jepesi kama uji wa mgonjwa. Nikaomba koni ya kupimia kama zege limezidi maji. Stoo wakanitolea mpya kabisa, bado ina stika ya dukani! Tukajaza, tukashindilia, nikainyanyua: zege likatambaa mpaka kwenye viatu vyangu. Nikainama kuangalia biskuti, vile vipande vya zege vya kuinua nondo, hakuna hata moja, nondo zimelala juu ya mbao. Na kibali? Kilikuwa getini, ndani ya plastiki, kisafi. Nikaandika kazi isimame. Saa kumi jioni nikapigiwa simu nirudi ofisini, kesho yake wakaendelea kumwaga. Mpaka leo nikipita pale navuka barabara.

Wewe usibishane na msimamizi. Chora mstari wa penseli ukatize ufa, andika tarehe, piga picha. Barua peleka manispaa, nakala yako igongwe muhuri. Na soma bango la jirani, mhandisi ni nani. Kama bango hakuna, hilo liandike kwanza.

Mama Eastlands:
Huku Nairobi tulikaa na kanuni za 1968 mpaka juzi juzi. Lile jengo la Huruma lililoporomoka Aprili 2016, serikali ilisema lilikuwa limeshaorodheshwa libomolewe. Watu walikuwa ndani wanalipa kodi. Kubomoa kulibaki kwenye karatasi.

kijana_wa_nondo:
Mzee, si kila fundi mwizi. Bosi ananipa mifuko 30 ya simenti, kazi inataka 50. Nikigoma, nje ya geti wapo kumi wanaisubiri.

MzeeKoni:
Najua, mwanangu. Sijawahi kumwandika fundi. Nilikuwa naandika jina la aliyenunua simenti.

DukaLaChini:
Mzee, shikamoo. Mstari nilichora Jumatatu. Leo Alhamisi upande wa kushoto umeshuka, haukutani tena na wa kulia. Barua imegongwa muhuri, wamesema watakuja wiki ijayo. Usiku huu nahamisha mzigo.

MzeeKoni:
Marahaba. Mzigo uache. Ghorofani wanalala watu?

DukaLaChini:
Familia tatu. Napanda kuwagongea sasa hivi.