Wakuu, nina miaka 61, nimetoka kuumia mguu. Nianze kukimbia na kilomita ngapi?

Mstaafu Mbio: Habari za jioni wakuu. Nimestaafu mwaka jana, nipo Dar. Nakimbia tangu nina miaka 48, Jumapili na klabu yetu ya jogging, katikati ya wiki peke yangu alfajiri. Wiki 11 zilizopita niliumia kidogo mguu wa kulia, nikapumzika. Maumivu yameisha kabisa. Swali langu ni moja tu: nianze na 3 au 5 kwa siku? Wenye uzoefu mnisaidie, matusi hapana.

Kitunguu Swaumu: Nimekaa paleee, nasubiri wajuzi.

Mama Wawili: Shikamoo kaka. Mume wangu naye alivyostaafu alianza hivyo hivyo, mara viatu vya laki tatu, mara saa ya kuhesabu hatua. Ukuta wa choo tangu 2019 haujapigwa plasta. Shemeji yetu hapo nyumbani anasemaje?

Mchua Viungo: Shikamoo mzee. Nafanya kazi ya fiziotherapia. Mguu ni mrefu, umeumia wapi? Goti, paja, kifundo?

Mstaafu Mbio: Marahaba wote. Ni huku nyuma, mshipa wa juu ya kisigino. Ila sikuja kuuliza ugonjwa, nimeuliza kilomita.

Mchua Viungo: Siku ile ulisikia mlio wowote?

Mstaafu Mbio: Ulilia paa. Nikageuka nikijua kuna mtoto kanirushia jiwe, kumbe barabara nyeupe, hakuna mtu. Nikakaa ukingoni mwa mtaro, nikaita boda. Kuna mama mtaani kwetu anachua, kanichua wiki 2, uvimbe ukashuka. Sokoni naenda kwa miguu yangu. Ngazi tu ndiyo natanguliza wa kushoto.

Jasho Halidanganyi: Mzee usikubali kukatishwa tamaa! John Stephen Akhwari, Mexico 1968, alimaliza marathoni goti limefungwa bandeji, watu wameshaanza kuondoka uwanjani. Huyo ndiyo Mtanzania!

Fundi Saa: Akhwari aliumia akiwa njiani, hakwenda kuanza mbio na mguu mbovu. Na alikuwa na miaka 30.

Mchua Viungo: Mzee wangu, hicho ulichoeleza, mtu kuhisi amepigwa jiwe halafu hamwoni aliyepiga, ndivyo wanavyosimulia waliokatika kano ya kisigino. Kutembea si kipimo, misuli mingine inasaidia, ndiyo maana wengi huambiwa wameteguka tu. Kuna aliyekupiga ultrasaundi?

Mstaafu Mbio: Hapana. Hospitali nilienda mwezi mmoja kabla, kwa ajili ya UTI. Hayahusiani.

Duka Dogo la Dawa: Ulipewa dawa gani?

Mstaafu Mbio: Cipro. Nilimaliza dozi, nashukuru.

Duka Dogo la Dawa: Basi yanahusiana. Cipro na ndugu zake zina sifa ya kudhoofisha kano, hasa hiyo ya kisigino, na hatari inapanda ukivuka miaka 60. Marekani tangu 2008 waliagiza onyo hilo liwekwe juu kabisa kwenye maelezo ya dawa. Kano inaweza kukatika hata miezi kadhaa baada ya kumaliza dozi. Siku nyingine mwambie daktari kuwa unakimbia.

Mstaafu Mbio: Sasa niwe mkweli. Nimeshalipia kilomita 21 za Kili Marathon kule Moshi. Klabu imekodi kosta, fulana zimechapwa majina. Zimebaki wiki 9. Nikianza na 3 leo, nikiongeza polepole, mbona nafika? Na hata nikitembea kile kipande cha kupandisha Mweka, si dhambi.

Mama Wawili: Nilijua tu. Wanaume mkishalipia ndipo mnaomba ushauri.

Kijiko Kidogo: Wakuu hii ni chai, leteni vitafunwa. Nimepitia nyuzi za huyu bwana. Machi alisema ana miaka 27 anatafuta mchumba asiye na mtoto. Leo mstaafu mwenye UTI.

Kitunguu Swaumu: 😂😂😂 Na tangawizi iko ndani.

Jasho Halidanganyi: Nimempa moyo bure jamani.

Mstaafu Mbio: Akaunti aliifungua kijana wangu wa mwisho, kaniachia simu ya zamani. Huo uzi wa mchumba ndiyo kwanza nausoma hapa. Tutazungumza naye akirudi.

Kijiko Kidogo: Chai ya rangi hiyo.

Mchua Viungo: Iwe chai iwe uji, kuna mtu mwingine atasoma hapa kano yake imekatika kweli. Mzee, shika ukuta, nyanyua mguu wa kushoto, halafu panda juu ya vidole kwa huo wa kulia peke yake. Tupe mrejesho.

Fundi Saa: Dakika 40 kimya. Kaenda kumchapa kijana.

Mstaafu Mbio: Nimejaribu mara 6. Kisigino hakinyanyuki, kinakaa chini kama si changu. Mke wangu kavishika vigimbi vyote viwili, anasema cha kulia kimekonda. Sikuwahi kukitazama.

Mchua Viungo: Usikimbie hata mita 10. Kesho daktari wa mifupa, mwambie kuhusu mlio na hiyo cipro. Mambo ya kushona au kutoshona ataamua yeye baada ya picha. Mbio huwa zinarudi, ila kwa jeraha hili tunahesabu miezi, mara nyingi kuanzia 6 na kuendelea.

Mstaafu Mbio: Sawa kijana wangu. Hela ya kosta haitarudi.

Jasho Halidanganyi: Mzee, hicho kiti cha kosta kina mtu? Mimi niko Mbezi, na fulana yenye jina lako nitavaa tu.