Naomba ushauri: unga wa mlonge unashika uvundo

Wakuu, naomba ushauri kuhusu kukausha majani ya mlonge. Yanachumwa asubuhi, yanaoshwa, yanatandazwa kivulini safu moja na kugeuzwa mara mbili kwa siku. Juani siyaaniki, maana jua kali hupunguza vitamini A. Siku ya nne jani linavunjika ukilifikicha, lakini vikonyo bado vinapinda, na unga ukikaa wiki mbili kwenye chupa unashikana mabonge na kunuka uvundo. Nahisi unyevu umejificha kwenye vikonyo. Je, nivichambue kabla ya kuanika au baada?

Na kijiko kimoja cha chai kwenye uji uliokwisha kuepuliwa, kwa mtu mzima anayemeza dawa za kisukari, hakiwezi kushusha sukari kupita kiasi? Mizizi siigusi, ina sumu.