TIG ya mapigo: bati la stenlesi 1.2 mm linanipinda, nipange vipi mashine?

Fundi wa Gerezani
Wakuu, heshima kwenu. Nachomelea hapa Gerezani, Dar. Miaka yote kazi yangu ni mageti na madirisha kwa fimbo za kawaida, sasa nimeingia kwenye stenlesi. Nina oda ya sinki la jiko la mgahawa, bati la stenlesi aina ya 304, unene 1.2 mm. Mashine yangu ya TIG (ya kuchomelea kwa ncha ya tungsteni na gesi) ina mapigo, yaani umeme unapanda na kushuka wenyewe, ila kitabu chake ni cha Kichina. Kuna vitufe vinne vya kuzungusha: ampea za juu, ampea za chini, asilimia na herzi.

Bila mapigo, kwa ampea 50, mshono wa sentimita 60 ukifika katikati bati limeshajikunja na rangi imekuwa kijivu. Nikishusha hadi 35 chuma hakiungani, waya unakaa juu tu. Jana nikaweka herzi 100, mashine ikalia, kazi ikabaki vilevile. Bati ni ghali na nimeshaharibu vipande viwili. Naombeni msaada.

Mzee wa Tochi
Mdogo wangu, usikate tamaa, hilo bati linatutesa wengi. 304 hupitisha joto kwa kiasi cha theluthi tu ya chuma cha kawaida, na likipata moto hutanuka karibu mara moja na nusu ya chuma hicho. Joto unalotia halikimbii, linarundikana pale pale, ndiyo maana bati linajikunja.

Anza hivi: juu 70, chini 20, asilimia 40 (sehemu ya kila pigo ambayo umeme unakaa juu), herzi 1 (pigo moja kwa sekunde). Piga hesabu: 70 kwa 0.4 ni 28, 20 kwa 0.6 ni 12, wastani 40. Ile 70 inayeyusha kingo zote mbili kwa muda mfupi, halafu 20 inashikilia moto usizimike huku dimbwi la chuma kilichoyeyuka likianza kuganda. 35 yako haikuwa na nguvu ya kuyeyusha wakati wowote, na 50 haikulipa bati nafasi ya kupumua.

Mkono ufuate pigo. Moto ukipanda, gusisha waya. Ukishuka, sogeza tochi. Mimi nilijifunza kwa kuhesabu kwa sauti, "weka, sogea, weka, sogea", mpaka mkono ukazoea. Herzi 100 haikosei, lakini jicho haliwezi kuifuata. Kazi yake ni kukaza moto uwe mwembamba. Iache mpaka mkono utulie.

Tungsteni 1.6 mm, noa kwa urefu wake, tochi iwe kwenye hasi. Waya wa kujazia uwe aina ya 308L. Gesi ya agoni lita 7 au 8 kwa dakika, na ukimaliza usiondoe tochi mpaka gesi iishe kutoka.

Stenlesi Mwanza
Namheshimu mzee, ila mkuu, usiguse vitufe kabla hujaangalia maungio. Ukiona mwanga unapita katikati ya bati mbili, mapigo hayatakuokoa, utatoboa tu. Kata upya. Piga nukta za kushikiza kila sentimita 3, ukianzia katikati kwenda pembeni, na ubane kipande cha shaba nyuma kinyonye joto.

Tena hilo ni sinki la chakula! Geuza uone upande wa nyuma: ukikuta chuma kimechachuka cheusi chenye chembechembe kama sukari guru, hapo hewa imeingia, na mabaki ya chakula yatakaa humo yaoze. Pitisha agoni na nyuma pia. Usisafishe kwa brashi uliyotumia kwenye mageti, itaacha chembe za chuma na sinki litaota kutu.

Mzee wa Tochi
Kweli kabisa, la shaba nilipaswa kulitaja mwanzoni. Sina ubishi.

Fundi wa Gerezani
Asanteni sana. Nimeshinda leo kwenye vipande chakavu. Kwa 70 mshono ulikwenda vizuri, ila sentimita 4 za mwisho nikatoboa, kwa sababu ukingoni joto halina pa kwenda. Nimeshusha juu hadi 62, mengine nikaacha. Wastani sasa ni kama 37, karibu sawa na ile 35 iliyonishinda, na bado inaungana! Rangi ni ya majani makavu, mwishoni bluu kidogo. Bati limeinuka milimita 2 hivi, jana lilikuwa halilali mezani kabisa.

Shaba nimeazima kwa jirani, brashi mpya nimenunua. Kesho naanza sinki, na kona za nyuma zisizoonekana ndizo za kwanza.