Naomba ushauri: Clubcard ya Tesco au Nectar ya Sainsbury's, na pointi nizitumie lini?

Mwana wa Pangani

Habari za muda huu wana jamvi.

Nimehamia Reading, Uingereza, na mke wangu na mtoto mmoja. Nimekuja kwa kazi ya uuguzi. Chakula na vitu vya nyumbani vinatugharimu kama pauni 60 kwa wiki. Maduka makubwa ya Tesco na Sainsbury's yote yako njiani nikitoka zamu. Kila nikifika kaunta naulizwa kama nina kadi ya wateja ya duka hilo, ile inayokupa pointi ukinunua (Tesco inaitwa Clubcard, Sainsbury's inaitwa Nectar), na kwenye rafu kila bidhaa ya pili ina bei mbili, ya mwenye kadi na ya asiye nayo. Siagi ile ile, tofauti yake inauma.

Nichukue ipi? Pointi zikiingia nizitumie hapo hapo au nizilimbikize hadi Desemba? Mke wangu naye ana wasiwasi: jina letu na anwani yetu wanavitakia nini? Kila mwezi tuna hela ya kutuma nyumbani, hivyo kila pauni tunaitazama.

Nawasilisha.

Shangazi wa Leicester

Karibu mwanangu, poleni na baridi.

Tupige hesabu kwanza. Tesco, pauni 1 inakupa pointi 1, na pointi 100 ni pauni 1. Sainsbury's nao wanakupa pointi 1 kwa pauni, ila kwa Nectar pointi 200 ndizo zinafanya pauni 1. Kwa matumizi yenu ya pauni 60 kwa wiki, mwaka mzima ni pauni 3,120. Mkinunua kila kitu Tesco mtarudishiwa pauni 31.20. Mkinunua kila kitu Sainsbury's, pauni 15.60. Basi, hiyo ndiyo pointi yenyewe.

Faida iko kwenye ile bei ya mwenye kadi uliyoiona. Hiyo unaipata siku hiyo hiyo, husubiri chochote. Kadi zote mbili ni bure, chukua zote, weka programu zake kwenye simu. Usifunge ndoa na duka.

Mhasibu Coventry

Namuunga mkono Shangazi. Kuna watu wanasema bei za kadi ni kiini macho, kwamba duka linapandisha bei ya kawaida ili ya kadi ionekane nafuu. CMA, mamlaka ya ushindani ya hapa, ililichunguza hilo na kutoa ripoti Novemba 2024. Walipitia bidhaa kama 50,000, wakakuta asilimia 92 punguzo lake ni la kweli ukilinganisha na bei ya kawaida ya duka hilo. Kwa wastani mwenye kadi aliokoa kati ya asilimia 17 na 25 kwenye bidhaa hizo za punguzo.

Ila someni na upande wa pili: CMA hao hao walisema bei ya kadi si lazima iwe ndogo kuliko maduka yote.

Binti Mvita

Hapo kwenye upande wa pili ndipo pa kukazia jamani. Duka la Aldi halina kadi yoyote, na vitu vingi kwao ni rahisi kuliko hata hiyo bei ya mwanachama. Mchele wa gunia na unga wa sembe mtanunua kwenye maduka ya Wahindi au ya Waafrika, ambako hakuna cha pointi. Sasa mtu aache mchele wa bei nzuri akafukuzie pointi?

Kaka, ukisimama mbele ya rafu soma maandishi madogo ya chini ya lebo, bei kwa kilo au kwa lita. Pakiti yenye bango kubwa la punguzo inaweza kuwa ghali kwa kilo kuliko jirani yake. Na msinunue kitu ambacho hamkukiandika nyumbani kwa sababu tu kina bei ya kadi. Punguzo la biskuti usizozihitaji bado ni hela imetoka.

Mwana wa Pangani

Asanteni sana, nimeelewa kwenye bei. Bado suala la mke wangu, na la Desemba.

Mhasibu Coventry

Shemeji ana haki ya kuuliza. Maduka yanataka kujua nani ananunua nini, lini na wapi. Clubcard ilianza mwaka 1995 na tangu mwanzo kazi yake kubwa ilikuwa hiyo. Punguzo ndilo wanalowalipa kwa taarifa zenu. Sheria ya hapa inawapa haki ya kuomba nakala ya taarifa zenu na kukataa matangazo. Mkijisajili, zimeni ruhusa za matangazo, na nywila iwe ya peke yake kwa sababu pointi ni mali na wezi wanazitafuta.

Jirani wa Nairobi

Kuhusu kulimbikiza, ngoja niongee kutoka huku. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa ya Kenya, ilikuwa na kadi yake ya pointi, Smart Card, pochi nyingi za Nairobi zilikuwa nayo. Januari 2018 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Sisemi Tesco itafungwa. Nasema pointi si akiba ya benki: haizai riba, na duka linaweza kubadilisha thamani yake.

Shangazi wa Leicester

Kweli kabisa. Hata hapa, Juni 2023 Tesco walishusha thamani ya vocha (pointi zikigeuzwa hela ya kununulia) ukiitumia kwa washirika wao, kutoka mara 3 hadi mara 2. Bado mara 2 si haba: vocha ya pauni 10 inakuwa ya pauni 20 kwenye migahawa kama Pizza Express, au kwenye huduma ya RAC ya gari likiharibika njiani. Mkiwa na matumizi ya namna hiyo, zipelekeni huko. Kama hamna, lipieni chakula.

Vocha zinakuja kila miezi 3 ukifikisha pointi 150. Zisipofika, zinasogea kipindi kinachofuata. Vocha inadumu miaka 2, kwa hiyo kungoja Desemba hakuharibu kitu, mradi uangalie tarehe.

Mwana wa Pangani

Shangazi, siku nyingine mke wangu ndiye anakwenda dukani. Tufungue akaunti mbili?

Shangazi wa Leicester

Moja tu mwanangu, yeye awe na kadi ya pili kwenye akaunti hiyo hiyo. Pointi zote ziingie chungu kimoja.