Nauza nyumba Mkomani, gofu la jirani lafukuza wanunuzi. Nifanyeje?

Mwana_wa_Pwani: Assalaam alaykum wanabaraza. Nauza nyumba ya mawe Lamu, mtaa wa Mkomani, vidaka vya ukutani vizima vyote. Tatizo ni gofu la ubavuni, nyumba iliyobomoka. Boriti zaning'inia, mti umeota juu ya ukuta, na magharibi ikiingia popo watoka kundi zima. Mnunuzi akipanda juu akaliona, huaga. Nizibe kwa makuti ama nipige plasta ya saruji upande wangu?

Fundi_Chokaa: Waalaykum salaam. Saruji usiguse. Ukuta wa matumbawe ukipigwa saruji unyevu hukwama ndani, chumvi ikala jiwe, plasta ikabanduka. Tumia chokaa. Na mti usiung'oe kwa pupa, mizizi ndiyo iliyoshika mawe. Gofu la nani?

Mama_Langoni: Popo wanakula mbu, mwanangu, waache. Mimi jirani yangu hufunga punda chini ya dirisha. Mwadhini hajaadhini, punda keshaanza.

Malindi_Kwao: Heri gofu. Huku kwetu kuna hoteli zimefungwa, nyasi zimemeza bwawa la kuogelea. Punguza bei, atapatikana.

Mwana_wa_Pwani: Bei sipunguzi. Siwezi kulivunja tu?

Sheria_Kavu: Mji wa kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001. Hata nyumba yako mwenyewe huivunji bila kupita Makumbusho ya Taifa, sembuse ya mtu.

Fundi_Chokaa: Nimeuliza, gofu la nani?

Mwana_wa_Pwani: La baba mkubwa, marehemu. Wanawe wako Mombasa, hawana habari nalo. Zamani ilikuwa nyumba moja ya babu, ikatiwa ukuta kati.

Sheria_Kavu: Na hati yako ina jina la nani?

Mwana_wa_Pwani: La babu. Lakini baba alinipa kwa kauli yake na mashahidi wangali hai. Mirathi ni makaratasi tu. Tena amana nshapokea, nshalipia mashine ya boti. Sirudi nyuma.

Mama_Langoni: Astaghfirullah. Haki ya mayatima hiyo.

Mwana_wa_Pwani: Mama, hao mayatima wana ndevu na magari.

Sheria_Kavu: Ndevu haziwatoi kwenye urithi. Nenda kwa kadhi, warithi wote watajwe, kila mtu ajue fungu lake. Bila hivyo huna cha kumhamishia mnunuzi.

Kipepeo77: Ngojeni. Wanunuzi wote wanaaga, halafu amana imetoka wapi? Hii hadithi ya kutunga. Ama ni dalali anatangaza nyumba kwa ujanja.

Mwana_wa_Pwani: Si dalali! Huyu yuko Nairobi, hajafika. Nilimtumia picha za vidaka.

Kipepeo77: Na za gofu?

Mwana_wa_Pwani: Hakuuliza.

Malindi_Kwao: 😂😂 Haya, kama ni kweli weka picha ya huo mti.

Mwana_wa_Pwani: Simu haina chaji.

Kipepeo77: Mnaona?

Mama_Langoni: Hiyo mashine ya boti ni ya nguvu ngapi? Kijana wangu anatafuta.