Boxer 125 mpya lakini ya mzigo wa zamani, wameshusha bei: nichukue?

MamaChapati_Segerea

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu, hasa nyie mnaozijua pikipiki. Mimi nazijua kwa kupakiwa tu.

Napika chapati, maandazi na sambusa hapa Tabata Segerea, nasambaza kwenye maduka na ofisi kuanzia Kinyerezi mpaka Vingunguti. Kila alfajiri nakodi bodaboda ya kijana wa kijiwe cha hapa kwetu. Kijana hana neno, lakini nikipiga hesabu ya mwezi hela ninayomlipa inaniuma. Nataka chombo changu, mdogo wangu wa kiume aendeshe. Leseni anayo.

Jumamosi nikashuka Kariakoo. Boxer 125 ya mzigo mpya, maduka mengi bei ya mwisho ilikuwa 3,050,000 ikiwa na usajili na bima ndogo. Duka moja upande wa Gerezani, muuzaji aliponiona nageuka kuondoka akaniita: "Mama, njoo kwanza, hii huwezi kuikuta kwingine." Pembeni ya mlango pale kuna Boxer 125 nyekundu, zile stika za muundo uliopita. Anasema ni ya 2024, haijawahi kuuzwa, imebaki kwa sababu wateja wanakimbilia stika mpya. Alianza na 2,700,000. Nilipomwambia nina keshi akafika 2,620,000, ila usajili na bima juu yangu, nao wakishughulikia wao ni 250,000.

Nilichokiona kwa macho yangu: kilomita 3. Kiti kimepauka upande mmoja, ule unaotazama barabara. Tairi bado zina vile vinywele vya mpira. Nikabonyeza staata, kimya. Akapiga kiki, ikagoma, akapiga tena na tena ikawaka, ikakohoa, ikatulia. Anasema betri "imelala tu, ikitembea itaamka".

Je, pikipiki iliyolala dukani ina shida? Na hiyo bei ni punguzo la kweli au nimevutwa?

Barakuda_Boy

Dada yangu, ongeza hela chukua ya mzigo mpya ulale usingizi. Kitu cha bei ya kutupa kina sababu.

ToaNjeIngizaNdani

Huyo wa juu msamehe, kuna watu hawajawahi kuona bei ikishuka bila kuogopa.

Mama Chapati, mimi nimefanya kazi ya kufunga pikipiki kwenye duka la Kariakoo miaka kadhaa kabla sijafungua gereji yangu Buguruni, kwa hiyo nitakueleza kutoka upande wa pili wa kaunta.

Kwanza hesabu. Umepewa bei mbili zisizofanana. Ya 3,050,000 iko barabarani tayari. Ya 2,620,000 ukiongeza 250,000 inakuwa 2,870,000. Basi punguzo lako ni 180,000, zile 430,000 zilizokuvuta zimebaki kwenye kibao cha bei. Ndani ya hiyo 180,000 toa betri, maana hiyo betri haitaamka. Betri ya asidi ikikaa muda mrefu bila chaji, sahani zake zinaota ukoko mweupe na haishiki tena. Unaweza kuichaji ikakupa wiki mbili za matumaini, halafu mdogo wako anaanza kupiga kiki saa kumi alfajiri na chapati zinapoa kwenye boksi.

Pili, hiyo nyekundu ndiyo pikipiki ambayo nisingeichukua, na sababu umeiandika mwenyewe: kiti kimepauka upande wa barabara. Hiyo ni pikipiki ya maonyesho. Asubuhi tunaitoa nje, jioni tunaiingiza ndani. Inapigwa jua, inapigwa mvua ya ghafla kabla hatujawahi kuivuta, na hewa ya Dar yenye chumvi inafanya kazi yake kimyakimya kwenye spoki na nati za ekzosi. Kila mteja anayekuja anataka kusikia mlio, kwa hiyo inawashwa, inazimwa kabla injini haijapata moto. Kilomita 3 hazikuambii imewashwa mara ngapi.

Sasa sikiliza siri ya biashara. Pikipiki haziji zimesimama. Zinakuja kwenye maboksi, fremu na injini pamoja, tairi la mbele limefungwa pembeni, usukani umelazwa, betri kavu haina asidi, tangi halijawahi kuona petroli. Sisi ndio tunazisimamisha. Ya mzigo wa zamani ambayo BADO IKO KWENYE BOKSI imezeeka kidogo sana: hakuna wese lililoganda kwenye kabureta, hakuna jua, na betri haijaanza kuhesabu siku zake. Tuliowahi kuuza tunaijua hiyo tofauti, ila mteja anaoneshwa ile iliyo mlangoni kwa sababu ndiyo inayochosha macho ya bosi.

Kwa hiyo rudi, uliza hivi: "Kwenye mzigo huohuo wa zamani, kuna iliyobaki kwenye boksi?" Ukiambiwa hakuna, uliza stoo. Kariakoo duka ni uso tu, mali iko stoo.

Ukiwa pale, usiulize mwaka, usome. Namba ya chasisi imegongwa kwenye shingo, pale usukani unapoingilia fremu. Ina tarakimu na herufi 17. Za Bajaj, ndio watengenezaji wa Boxer, zinaanza na MD2, za TVS zinaanza na MD6, ndivyo zilivyosajiliwa huko India. Hesabu mpaka ya 10. Kwa kawaida hiyo ndiyo ya mwaka: N ni 2022, P ni 2023, R ni 2024, S ni 2025. Usishangae kukosa Q, haitumiki kabisa. Halafu angalia ubavu wa tairi, kuna kiduara chenye tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Chasisi na tairi zikikaribiana, sawa. Tairi ikiwa changa kuliko pikipiki kwa mwaka mzima, uliza ya kwanza ilikwenda wapi.

Kama utaishia kuchukua ile nyekundu, fungua mfuniko wa tangi, washa tochi ya simu, angalia ndani kote na hasa kwenye kona za juu, kutu huanzia huko. Kisha mwambie fundi wao afungue skrubu ya chini ya kabureta, mafuta yadondokee kwenye chupa ya maji iliyo safi. Petroli nzima inapitisha mwanga. Ikiwa ya kahawia na inanuka vanishi, kabureta inataka kufunguliwa yote na kusafishwa, na hiyo kazi aifanye yeye kabla hujalipa.

Mtaa_wa_Lumumba

Maelezo ya fundi hapo juu nayaunga mkono, naongeza la makaratasi maana huko ndiko mimi nilikoumia.

Nilichukua pikipiki ya namna hiyo kwenye duka moja, jina nalihifadhi. Bei nzuri, chombo kizuri, kilomita chache. Kumbe ilishasajiliwa. Kuna mteja aliianza kwa malipo ya kidogokidogo akashindwa, duka likaichukua, kadi inasoma jina la mtu nisiyemjua. Kuhamisha umiliki ukawa mradi mwingine kabisa, kumtafuta yule bwana asaini, na gharama za TRA juu. Wenyewe dukani wanasema "si ni mpya tu bosi". Mpya ya macho, ya pili kwenye kadi.

Kwa hiyo dada angalia kama ina namba au ina nafasi ya namba. Ikiwa haijasajiliwa, utapewa namba ya MC ya sasa, na hapo kuna faida ambayo watu hawaisemi: siku ukitaka kuuza, wanunuzi wetu wa Dar wanaanza kwa kusoma herufi za kibao. Herufi mpya, bei inasimama. Ila mnunuzi mjanja ataomba kadi, na kadi ina mwaka wa kutengenezwa. Usitarajie kumuuzia kila mtu.

Na risiti ya EFD, bei yote uliyolipa, jina lako. Wakikwambia "bila risiti nakupunguzia", achana nao, maana garantii utaidai kwa karatasi gani?

Barakuda_Boy

Haya nimekubali kushindwa. Lakini swali kwa fundi: spea je? Muundo umebadilika, si ndiyo maana wanaikimbia?

ToaNjeIngizaNdani

Swali zuri, ungeanza nalo mwanzoni tungekuheshimu.

Kwa Boxer na TVS HLX sina wasiwasi, mabadiliko mengi ni stika, taa na kiti. Pistoni, klachi, cheni, sili za shokapu unazipata Kariakoo na mpaka kwenye vibanda vya Mbagala na Gongo la Mboto. Pikipiki ya mzigo wa zamani inayonitisha ni ya chapa ambayo fundi wa kijiweni hajawahi kuifungua na aliyeileta ameacha kuileta. Hiyo hata wakupe kwa milioni moja na nusu, siku klachi kebo ikikatika utazunguka Msimbazi nzima na ile ya zamani mkononi unalinganisha urefu.

MamaChapati_Segerea

Wakuu nimerudi, na nimeenda na mdogo wangu na tochi.

Ile nyekundu ya "2024": herufi ya kumi ni P. Tairi imeandikwa 4123. Nikamuonesha muuzaji kwa kidole, akasema "mama wewe umesomea wapi haya". Nikamwambia kwenye chapati.

Tangi lina ukungu wa rangi ya chai kwenye kona, karibu na mfuniko. Kabureta sikufika, nilishaikinai.

Nikauliza la boksi. Akasema hakuna. Mdogo wangu akauliza stoo. Wakaangaliana. Tukapelekwa hatua chache tu nyuma ya mtaa, ghorofa ya kwanza, kuna maboksi yamepangwa ukutani, na mawili yana stika za zamani. Rangi nyeusi zote. Wakafungua moja mbele yetu: kiti kiko ndani ya nailoni, betri kavu na kizibo chake, cheni ina grisi ya kiwandani imeshikana na vumbi la mbao. Herufi P vilevile. Tairi 4023. Haina namba, na karatasi za forodha wanazo kwenye faili, nimeziona na namba ya chasisi inalingana.

Bosi mwenyewe alikuja. Nikamwambia siwezi kulipa bei ya 2024 kwa ya 2023. Tumesimama kwenye 2,480,000, usajili na bima 250,000 ileile, kofia ngumu mbili, na sevisi ya kwanza kwao. Jumla 2,730,000. Nimetoa arubuni ndogo, nimeandikiwa namba ya chasisi kwenye karatasi ya arubuni. Kesho saa nne wanaifunga, na nimesema lazima niwepo.

Nisimamie nini wakati wanafunga?

ToaNjeIngizaNdani

Hapo umefanya vizuri, na kuandikisha chasisi kwenye arubuni wengi hawakumbuki. Ungekuta kesho wamekusimamishia ile nyekundu imepakwa polishi.

Kesho simama kwenye betri. Vijana wana haraka, wanamimina asidi, wanafunga, wanapiga staata, inawaka, mteja anafurahi. Hiyo inaua betri mapema. Waambie asidi ikishaingia ikae kama nusu saa, halafu ichajiwe taratibu ndiyo ifungwe. Wakisema duka halina chaja, kuna mafundi wa betri kila kona ya Gerezani, mpeleke mdogo wako mwenyewe.

Halafu oili. Kama kuna oili ya kiwandani ndani, imwagwe iwekwe mpya hata kama injini haijawahi kuwaka. Upepo wa tairi upimwe kwa geji, wao hupima kwa kidole. Nati ya ekseli ya nyuma na za usukani zikazwe mbele yako, ndizo tunazozisahau tukiwa na pikipiki tano za kusimamisha kwa siku. Taa zote, honi, breki ya mguu na ya mkono, swichi ya indiketa.

Kuondoka Kariakoo mdogo wako asiivute. Mwendo wa kubadilisha, asishike spidi moja toka Buguruni mpaka Segerea, na mzigo wa chapati upakiwe baada ya wiki ya kwanza. Sevisi ya kwanza ikifika karibu kilomita 500 msiichelewe, hasa hii, kwa sababu sili za mpira zimekaa kavu kwa muda na ndipo zitakapoonesha kama kuna inayovuja. Angalia chini ya injini na kwenye miguu ya shokapu za mbele asubuhi kabla hajaondoka, kuna mstari wa mafuta au hakuna.

Mtaa_wa_Lumumba

Na TIN yako na namba ya NIDA beba kabisa, usajili usicheleweshwe kwa kisingizio. Kadi isome jina lako wewe uliyetoa hela, mdogo wetu aendeshe tu.

MamaChapati_Segerea

Jina ni langu, hilo tulishaliongea nyumbani. Asanteni sana. Fundi, gereji yako Buguruni iko upande gani, wa Rozana au wa Sheli? Hiyo sevisi ya pili nitaileta kwako, na sambusa nitakuja nazo.